Nilivyoacha kutegemea DNS ya watu dukani kwangu Kigoma

DNS ni ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya kuifikia. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, kompyuta nane, printa mbili na mashine ya fotokopi, na msimu wetu mkubwa ni ule vijana wa kidato cha sita wanapokuja kujaza maombi ya chuo na mkopo. Siku moja ya msimu huohuo duka limejaa, mtandao ukagoma. Yaani rauta taa zote zinawaka, bando lipo, ila kila ukurasa ukifungua unaambiwa seva haipatikani. Kuna mama alitoka Ujiji na binti yake, fomu imebaki ukurasa wa mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, tusubiri au turudi kesho?" Nikamwambia mama subirini kidogo, na jibu lenyewe sina.

Nikampigia jamaa yangu fundi wa mitandao yuko Tabora. Akasema kaka, usipime kwa jina, pima kwa namba. Nikapiga ping (amri ya kupima kama mashine ya mbali inajibu) kwenye namba, ikajibu fresh tu. Nikapiga kwenye jina, kimya. Akaniambia basi intaneti unayo, unachokosa ni wa kukutajia namba, DNS ya hao wanaokuuzia mtandao imelala. Nikaweka 8.8.8.8 ya Google kwenye rauta, dakika mbili fomu ikaenda, mama akapewa karatasi zake wakawahi daladala.

Wengi wanaishia hapo na inafanya kazi, siwezi kuwaambia wamekosea. Ila mimi swali moja lilinikaa kichwani, hao Google nao wanamuuliza nani? Usiku nikafunga duka nikabaki na kompyuta moja ya zamani yenye Linux, nikaandika dig +trace (amri inayoonyesha jina linavyoulizwa hatua kwa hatua) na jina la tovuti moja ya .go.tz. Ikaanza kushusha mistari kumi na tatu, a.root-servers.net, b, c, mpaka m. Hizo ndo seva za mzizi, zinazoulizwa kwanza kabisa. Chini yake zikaja seva za .tz, na mwisho kabisa ndo namba ya tovuti.

Nilichokuwa sijui ni kwamba seva ya mzizi haina namba ya tovuti yoyote ya huku kwetu. Ni kama umeshuka kwenye boti hapo gatini unatafuta nyumba ya mtu Kasulu, ukimuuliza mchukuzi hakupi nyumba, anakwambia tu magari ya Kasulu yanapaki kule, ukifika huko uliza tena. Mzizi unasema .tz waulize wale, .com waulize wale wengine, basi. Na jibu hilo unaruhusiwa kukaa nalo siku mbili, kwahiyo duka zima likishauliza habari ya .tz mara moja linaweza lisiende tena kwenye mzizi kwa ajili ya .tz mpaka siku mbili ziishe. Ndo maana haizidiwi pamoja na watu wote hawa duniani.

Majina ya seva za mzizi ni 13 kwa sababu zamani jibu la DNS lilitakiwa lienee kwenye baiti 512, ila mashine zenyewe siyo 13 hata kidogo, zipo zaidi ya 1,500 zimetawanywa duniani zikitumia anwani zilezile, ukiuliza mtandao wenyewe unakupeleka kwenye nakala ya njia iliyo karibu. Wanaoziendesha ni taasisi 12 tofauti, kampuni ya Verisign wana mbili, A na J, K wanayo RIPE NCC wa Uholanzi, M iko kwa WIDE wa Japani, hata NASA wana yao, E. Hili nililipenda sana, hakuna mmoja anayeweza kuamka vibaya akazima zote.

Basi nikaweka Unbound, programu ya kuendesha DNS yako mwenyewe, kwenye ile mashine ya zamani, yenyewe inakuja na orodha ya zile anwani 13 tayari, ikaanza kuuliza yenyewe kuanzia juu. Nikaifunga isijibu mtu yeyote nje ya duka (hili msilisahau, ukiiacha wazi watu wanaitumia kushambulia wengine), nikaielekeza rauta iwape kompyuta zote namba ya hiyo mashine. Jina likiulizwa mara ya kwanza linachukua muda, la pili dig inaonyesha 0 msec kwa sababu jibu liko kwenye keshi (kumbukumbu ya muda) hapohapo dukani.

Wiki ya pili umeme ukakatika usiku, asubuhi nafungua hakuna jina hata moja linalofunguka. Niliumia kweli. Ping kwenye namba inajibu, Unbound imewaka, ila kila swali linarudi SERVFAIL, yaani seva imeshindwa kujibu. Nilihangaika karibu saa mbili, nimefuta nimeweka upya, wapi, mpaka nikaona tarehe pembeni ya skrini, 2012! Betri ya bodi imekufa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Na majibu ya mzizi tangu 2010 yanakuja na saini ya DNSSEC (ya kuthibitisha jibu halijachezewa) yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa mashine inayodhani ni 2012 inaona saini ya leo bado haijaanza inaikataa. Halafu mashine inataka kwenda kuuliza saa sahihi kwenye seva ya saa, ila seva hiyo nimeiandika kwa jina, na jina halifunguki kwa sababu saa siyo sahihi. Inazunguka tu hapohapo.

Nikaweka tarehe kwa mkono, nikawasha Unbound upya, yote yakafunguka. Mchana nikaenda kwa fundi saa sokoni nikanunua betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, nikabadilisha mwenyewe, na seva ya saa nikaiandika kwa namba. Umeme umeshakatika mara nyingi tangu hapo, nikifika naangalia tarehe kwanza, napiga dig moja ya .tz, ikijibu naita walio kwenye foleni waingie.