Hata wakati wa kuvuna

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii nimeiandika kwa vipande vipande maana mnajua Desemba ilivyo kwa mtu wa cherehani, kuna nguo za Krismasi, kuna harusi, kuna sare za kwaya, alafu kabla hujapumua wazazi wameshaanza kuleta vitambaa vya sare za shule maana Januari hiyo hapo. Na mimi sina fremu, nashonea nyumbani hapa Mwanga, Kigoma, sebuleni, cherehani iko dirishani na ovaloki iko pembeni ya kochi. Wengi wananiambia una raha wewe, hupandi daladala, hulipi kodi ya fremu, watoto unawaona muda wote. Ni kweli na namshukuru Mungu kwa hilo. Ila mwenye fremu akifunga mlango jioni kazi inabaki kule, mimi kazi nalala nayo chumba cha pili. Mteja anagonga saa moja asubuhi bado niko na kanga, mwingine anapiga saa nne usiku, dada gauni langu limefikia wapi, napokea, na nikishapokea naona aibu kwamba sijalianza, basi nainuka nawasha taa nakaa tena.

Wiki iliyopita saa nane usiku nilikuwa nakata sare za kwaya, kile kitenge cha kutoka Kongo. Nimetandaza mezani, nimepiga chaki, nimekata. Asubuhi naanza kuunganisha naona vipande viwili vya mbele vyote ni vya kulia. Kushoto hakuna. Kitambaa sikukikunja na patani nilisahau kuigeuza, kitu ambacho hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hakosei. Nikazunguka sokoni hapa Mwanga, nikaenda mpaka Ujiji kutafuta rangi ile ile, nimeipata jioni. Yale masaa mawili niliyoyachukua usiku yalikula siku nzima.

Lakini sicho kilichoniuma zaidi. Jioni hiyo nilikuwa nimechoka sana nikazima kila kitu saa tatu. Baada ya muda namsikia mwanangu wa miaka 6 ameamka, kasimama mlangoni anasugua macho, ananiuliza, "Mama, cherehani imeharibika?" Yaani mtoto ameshazoea kulala na ule mlio, ukimya ndo umemwamsha. Nikampakata pale kochini kwenye mabaki ya vitambaa, akalala tena mikononi mwangu, na mimi nikalia.

Nikafungua Biblia usiku ule ule. Amri ya kupumzika naijua toka Sunday school, ile ya Kutoka 20, ila sikuwahi kutulia kwenye Kutoka 34:21. Pale Mungu anasema fanya kazi siku sita, ya saba upumzike, alafu anaongeza kwamba wakati wa kulima na wakati wa kuvuna pia, utapumzika. Hebu fikirini wapendwa, wale walikuwa wakulima. Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo mnaelewa vizuri kuliko mimi, mvua zikishanyesha unahesabu siku za kupanda, na maharage yakikauka shambani hayakusubiri. Mungu alijua hiyo presha yote, na hakusema mkishamaliza kuvuna ndo mpumzike, aliitaja misimu yenyewe. Mimi nilikuwa nimejiambia nitapumzika sikukuu zikipita. Kumbe neno limekuja mpaka ndani ya Desemba yangu.

Sehemu nyingine ni Marko 6, Yesu anawaambia wanafunzi waende faragha wapumzike kidogo, maana watu walikuwa wengi wakija na kwenda mpaka nafasi ya kula hawana. Napenda kwamba Biblia haifichi kilichofuata, walipofika watu wameshawatangulia, na Yesu akawahurumia akawafundisha na kuwalisha. Kwa hiyo mteja akigonga siku yako ya kupumzika si kwamba umemkosea Mungu kumfungulia. Ila soma mpaka mstari wa 45 na 46, aliwatanguliza wanafunzi mashuani, akawaaga watu, akapanda mlimani kuomba. Aliwaaga! Na sidhani kama wagonjwa na wahitaji walikuwa wamekwisha. Mimi kumwambia mtu "dada tuonane Jumatatu" nilikuwa naona kama dhambi.

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyevua dagaa miaka mingi kule Kibirizi. Nilipomsimulia akaniambia, mwanangu, sisi mbalamwezi ikiwa kali hatuingii ziwani, taa yako inashindana na mwezi, dagaa hawakusanyiki, utachoma mafuta bure. Siku hizo wanashona nyavu na kulala na familia zao, na njaa hawakufa. Hapo nikakumbuka pia 2024, Ziwa Tanganyika lote upande wetu wa Tanzania lilifungwa kwa uvuvi toka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu kwa watu wa hapa, siwezi kuipamba, lakini hata ziwa kubwa hivi lilihitaji kuachwa.

Nimeandika kwenye daftari, toka tarehe 15 sipokei nguo mpya. Mama mmoja aliondoka na vitambaa vyake vinne akaenda kwa fundi mwingine, na hela ile nilikuwa naihitaji, nimeumia kwa kweli. Jumamosi saa kumi na mbili jioni cherehani naifunika na kanga, simu naiweka kabatini, mpaka Jumatatu. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unaenda wenyewe kuifunua.

Naomba mniombee. Zimebaki sare 14 na gauni la bibi harusi, na leo ni Jumamosi, saa kumi na moja na nusu hii naandika. Mtoto ameshaleta kanga, ameishika yeye, anasubiri saa ifike.