Nilivyorefusha mkataba wa fleti London: bei hupangwa na tarehe

Kabla ya kumtafuta wakili, soma mkataba wenyewe. Fleti nyingi za England na Wales huuzwa kwa mkataba wa upangaji wa miaka 99 au 125, huku ardhi na jengo vikibaki mali ya mwingine, na miaka iliyobaki ndiyo inayopanga bei. Usihesabu tangu siku mkataba uliposainiwa. Tafuta tarehe ambayo muda unaanza. Miaka 99 iliyoanza 24 Juni 2007 inafika 80 katikati ya 2026, na hapo bei inaruka.

Inaruka kwa sababu mkataba wenye zaidi ya miaka 80 unakudai fidia ya mambo mawili tu: pango la ardhi ambalo mwenye ardhi atalikosa, na kuchelewa kwake kurudishiwa fleti. Ikifika 80 au chini, unamwongezea nusu ya faida inayopatikana mkataba ukirefushwa.

Chukua fleti ya pauni 300,000, pango la 200 kwa mwaka lisilopanda, miaka 75 imebaki. Kwa kiwango cha punguzo cha 7% kwa mwaka (pesa za baadaye zina thamani ndogo leo), pango lote hilo lina thamani ya kama pauni 2,840 leo. Haki ya kurudishiwa fleti, kwa 5% iliyozoeleka tangu uamuzi wa kesi ya Sportelli, ni kama 7,730. Mthamini akisema fleti hiyo, kwa miaka 75, inauzika 276,000, nusu ya faida (300,000 ukitoa 276,000 na zile thamani mbili) inaongeza kama 6,715. Jumla inakaribia 17,300. Fleti ileile ikiwa na miaka 81 ingekugharimu kama 8,600. Ile 276,000 ndiyo inayogombaniwa, kwa hiyo lipa mthamini anayefanya kazi hizi katika mtaa huohuo.

Mwenye ardhi anaweza kukuandikia barua ya kirafiki: turudishe miaka 99, pango libaki mpaka muda wa zamani uishe. Mimi nilifuata sheria ya 1993, inayoongeza miaka 90 juu ya iliyobaki na kufuta pango kabisa. Sharti la kumiliki fleti miaka miwili kwanza liliondolewa 31 Januari 2025. Sheria ya 2024 inaahidi miaka 990 na kufuta ile nyongeza ya nusu, lakini ninapoandika vifungu hivyo havijaanza kutumika. Mwenye miaka 80 na miezi michache nisingemshauri angoje.

Kazi yenyewe ni notisi ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo ya 1993, yaani ombi rasmi la kurefushiwa mkataba. Jina la mmiliki utalipata kwenye masjala ya ardhi kwa pauni 7. Kama kuna mpangaji mkuu katikati ambaye mkataba wake unauzidi wako kwa siku chache tu, notisi inakwenda kwa aliye juu yake, na yeye anapewa nakala. Taja bei ya chini, lakini ambayo mthamini wako anaweza kuitetea. Bei ya mzaha inabatilisha notisi. Mpe mwenye ardhi angalau miezi miwili ya kujibu. Siku anapopokea ndiyo siku ya uthamini, hivyo soko likipanda baadaye halikuhusu. Anaweza kudai amana ya 10% ya bei uliyotaja au pauni 250, ipi iliyo kubwa. Wakili asajili notisi kwenye hati ya mwenye ardhi, la sivyo ardhi ikiuzwa mnunuzi anaweza kuikana.

Wengi huponzwa na kipindi cha baada ya jibu. Majadiliano yanaendelea kwa upole, barua pepe hii na ile, kumbe saa inakwenda: maombi kwa baraza (tribunal, linaloamua bei mkishindwa kuelewana) yapelekwe baada ya miezi miwili na kabla ya sita tangu notisi ya majibu. Ukipitisha, notisi imekufa. Utangoja miezi 12 kabla ya kutoa nyingine, na gharama za mwenye ardhi utalipa. Naye asipojibu kwa wakati, nenda mahakamani ndani ya miezi sita, upewe mkataba kwa masharti uliyoandika wewe.

Gharama za mwenye ardhi utakazobeba ni za uthamini na uwakili, tena za kiasi. Muda wa kubishania bei na siku za baraza ni juu yake, ingawa hupenda kuuchomeka kwenye ankara, dai mchanganuo. Mkishakubaliana mna miezi miwili ya kukamilisha, kisha miwili mingine ya kwenda mahakamani asiposaini. Ijulishe benki ya mkopo mapema.