Usitupe trei ya mayai

Jamani, trei tupu ya mayai usiitupe. Mimi yangu niliiomba kwa mama muuza mayai pale Mbuyuni, Moshi, akacheka kwanza: "Dada, unataka kutotolesha vifaranga?"

Mwanangu ana miaka saba, haoni. Shule ya kwanza niliyompeleka waliniambia nirudi naye mwakani. Mwaka ukafika, wakaniambia yaleyale. Tuyaache hayo.

Mwalimu aliyetufaa amesomea elimu maalumu Patandi, kule Arusha. Aliikata trei ikabaki na mashimo sita, matatu kushoto, matatu kulia, sawa na nukta sita za nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa, aliyoyabuni Louis Braille wa Ufaransa akiwa kijana wa miaka 15. Namba 1 hadi 3 zinashuka kushoto, 4 hadi 6 kulia. Unatumbukiza vizibo vya soda, mtoto anapapasa. Shimo la 1 peke yake ni A. La 1 na la 2, B. Nami nilijaribu nikiwa nimefumba macho, mtoto akanishinda (msimwambie baba yake).

Wiki tatu tulikuwa tunacheza tu. Leo narudi kutoka kazini nakuta trei mbili mezani. Ya kwanza ina vizibo shimo la 1, la 3 na la 4: M. Ya pili, A.

"Mama, hiyo ni nusu yako. Vizibo vimeisha."

Kesho asubuhi nampitia Mangi dukani, anitunzie vizibo vyote vya wiki hii.