Mwaka ambao hatukuhesabiwa

Neema amepewa nafasi kwenye igizo la Krismasi la Shule ya Jumapili. Umariamu umekwenda kwa mwingine, umalaika kwa wengine, hata kondoo walishajaa. Yeye ni mwenye nyumba ya wageni. Ana sentensi moja tu, "Hakuna nafasi!", na tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio anaifanyia mazoezi nyumba nzima. Ameiambia friji, amemwambia paka, na juzi akaniambia mimi nikiwa nagonga mlango wa choo huku nimebanwa.

Jana usiku alinikuta navua viatu.

"Baba, niseme kwa ukali au kawaida?"

Nikamwambia asubiri kwanza nioge. Nimeoga, nimekula, nimelala, nimeamka, na jibu sina.

Shida ni kwamba mimi nikisikia habari za nyumba ya wageni, Bethlehemu siioni. Naiona Mabibo, Dar es Salaam, mwaka 2002.

Ule utani kwamba Wachaga Desemba tunarudi kwetu Kilimanjaro kuhesabiwa mnaujua. Kwa Babu haukuwa utani. Jioni ya tarehe 25, kabla mbuzi hajagawiwa, alikuwa anakaa kwenye kigoda chake uani kule Machame, anamnyooshea fimbo kila mmoja, midomo inacheza. Anahesabu kweli. Asiyekuwepo alitakiwa awe na sababu, na kukosa nauli haikuwa sababu. Mzee wangu naye alikuwa na andiko lake: Luka 2. Kaisari Augusto katoa amri watu waandikwe, na Yusufu, fundi wa watu, na mke mjamzito, akafunga safari kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu kwa sababu ndiko kwao. "Mnaona?" alikuwa anasema. "Hata Yesu kazaliwa watu wamekwenda kuhesabiwa." Kwa miaka mingi nilidhani Kaisari Augusto ni ukoo wetu.

Basi mwaka huo, alfajiri ya tarehe 24, saa kumi na moja tuko stendi ya Ubungo. Mimi nina miaka kumi na mmoja. Anna, mdogo wangu, amevalishwa sweta la kufuma kwa sababu Machame ni baridi. Tiketi zetu zilikuwa siti namba 23, 24 na 25, Anna apakatwe. Tukapanda, tukawakuta wenyewe wamekaa. Wana tiketi zenye namba zilezile, tofauti ni kwamba za kwao zilikuwa za kweli. Kijana aliyetukatia sisi tulimtafuta mpaka jua likapanda. Kila mpiga debe tuliyemuuliza alimfahamu vizuri sana, na hakuna aliyejua yuko wapi. Wakati ule mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, na Moshi ni kilomita mia tano na ushee, kwa hiyo ukikosa la asubuhi umekosa siku. Tukazunguka basi hadi basi. Nafasi hakuna. Nafasi hakuna, mzee, labda kwenye ngazi, na hiyo ngazi bei yake ilikuwa mara mbili ya siti.

Basi la mwisho lilipokuwa linarudi nyuma kutoka, Mzee akamwona mtu wa kijijini kwetu dirishani. Akakimbia nalo sambamba, akampitishia boksi. Ndani mlikuwa na sukari, majani ya chai, sabuni za mche, kitenge cha Bibi na kofia ya pama ya Babu. Boksi likaenda kuhesabiwa. Sisi tukabaki.

Kutoka Ubungo hadi kwetu Mabibo ni mwendo wa miguu tu. Lakini Mzee alikuwa ameshaaga mtaa mzima. Alimwaga Mpemba wa dukani, akamwaga fundi viatu, akawaaga hata watu ambao hawakuwa na habari kwamba anaishi pale. "Mchana haturudi," akasema. Kwa hiyo tukakaa Ubungo kutwa nzima juu ya mabegi, joto la Desemba mnalijua, tukisubiri giza kama wezi. Sweta la Anna Mama alikataa kulivua. Begi limejaa, alisema, hakuna pa kuliweka. Mtoto alilivaa mpaka saa tisa, alipotapika juu yake, ndipo likavuliwa likafungiwa kwenye mfuko wa rambo.

Saa mbili usiku tukaifuata Barabara ya Mandela kimyakimya, tukakatia vichochoroni. Nyumba yetu ilikuwa ile ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Chumba chetu cha tatu kushoto. Ufunguo tulimwachia Mama Zuhura wa chumba cha kwanza, yule ambaye mwanzoni mwa mwezi uleule, siku ya Idi, alituletea sinia la biriani ambalo Mama alikuwa bado hajalirudisha kwa sababu sinia halirudi tupu.

Chini ya mlango wetu palikuwa na mstari wa mwanga.

Mzee alimgeukia Mama. "Umeacha taa."

"Sijaacha."

Kisha tukasikia mtu anakohoa ndani. Na harufu ya machungwa, kali, mpaka ukumbini. Nakumbuka niliwaza kwamba mwizi gani anavamia chumba cha watu halafu anakaa anamenya machungwa. Mzee alikuwa amevaa suti yake ya kaki, ile ya Moshi, ambayo baada ya kutwa nzima ya Ubungo ilikuwa imekunjamana kama karatasi ya maandazi. Nilimwona anakunja ngumi. Halafu akaitazama ile ngumi, akaifungua, akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi."

Sijawahi kusikia hodi ya namna ile. Ilikuwa hodi ya mtu anayekwenda kukopa.

"Nani?" Sauti ya kiume.

Mzee akanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba begi dogo, na nikaona shingo yake inatoa jasho kwenye kola. Unajibu nini hapo? Ni mlango wako, rangi ya bluu umeipaka mwenyewe, kitasa umekinunua eneo la Gerezani palepale unapofanya kazi, na mtu anakuuliza wewe ni nani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi," Mzee akasema, na akameza mate. "Mwenye chumba."

Kimya. Kitasa kikazungushwa. Akatokea bwana mmoja mwembamba, msuli na singlendi, kisu mkono mmoja na mkono mwingine chungwa ambalo ganda lake lilikuwa bado linaning'inia, refu, halijakatika. Nyuma yake mwanamke amelala kitandani kwetu, ndani ya neti yetu, chini ya kalenda yetu ya kanisa. Na sakafuni mtoto. Nikisimulia hapa watu huniambia huyo mtoto nimemwongeza, na ningekuwa natunga kweli ningemfanya mchanga. Alikuwa na kama miaka miwili, yuko uchi, na alikuwa anafyonza chungwa huku maji yanamwagikia kwenye mkeka wa Mama.

Yule bwana alitutazama, sisi wanne na mabegi. Na mdomo wake, kwa mazoea tu, ukatoa neno ambalo kila mmoja wetu angelitoa akifungua mlango.

"Karibuni."

"Asante," Mzee akajibu. Na akabaki amesimama nje.

Hapo Mama Zuhura akawa ameshatoka, kanga kichwani. "Mungu wangu, Baba Elia! Si mlikwenda kuhesabiwa?" Maneno yakamwagika. Yule ni kaka yake kutoka Muheza, kaleta mgonjwa, tarehe 27 anatakiwa Muhimbili, wamefika saa kumi jioni bila taarifa, kwake analala na wanawe watano, na chumba chetu alijua kitakaa kitupu mpaka Januari, angeuliza lakini angemuuliza nani, na shuka alishapanga kuzifua. Kaka mtu alikuwa ameanza kukunja vitu. "Tunatoka, mzee. Tunatoka sasa hivi." Alisema hivyo mara tatu, bado ameshika chungwa.

Mwanamke akajiinua. Akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akawa anatafuta ndala kwa vidole bila kuangalia chini. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Vidole vikaipata ndala ya Mama, vikajaribu kuingia, havikuingia. Akaiacha, akatafuta nyingine. Sisi wote tulikuwa tunaitazama ile miguu. Sijui ilichukua muda gani.

"Kaeni," Mzee akasema.

Neno hilo tu. Akageuka, akaenda uani kunawa uso.

Mama na Anna walilala kwa Mama Zuhura, wamebanana na wasichana. Mimi na Mzee tulitandikiwa mkeka ukumbini, jirani na tenga la kuku wa mwenye nyumba, ambao usiku kucha walikuwa wanajisogeza na kunung'unika kila mimi nilipojigeuza. Mwezi Agosti mwaka uleule karani wa sensa alikuwa amekaa kwenye ukumbi huohuo akiuliza nani amelala humu usiku wa kuamkia leo, na sisi tukaandikwa kwenye chumba chetu, wanne. Nikawa nawaza kwamba lau angekuja tena asubuhi hii, chumba kingeandikwa jina la watu wa Muheza, na sisi wawili sijui tungeandikwa wapi, labda pamoja na kuku. Na huko Machame kesho Babu atanyoosha fimbo, atafika penye pengo.

Asubuhi ya Krismasi Mzee alitupeleka ibadani Azania Front. Usharika wetu ulikuwa karibu, dakika kumi kwa miguu, lakini huko walikuwa wanajua tumesafiri. Mjini hakuna anayetujua. Kwa hiyo tukapanda daladala mpaka Posta, suti ya kaki imenyooshwa kwa pasi ya Mama Zuhura, tukaingia katika lile kanisa la Wajerumani linalotazama bandari kama familia ya watalii. Somo lilikuwa Yohana 1. Mchungaji akasoma taratibu, Neno alikuwako kwa Mungu, nuru yang'aa gizani, mimi nasinzia, mpaka akafika mstari wa 11: "Alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea."

Benchi likaanza kutikisika. Ni Mama. Alikuwa ameziba uso kwa leso na mabega yanakwenda juu na chini. Mama mmoja nyuma yetu, akidhani ni uchungu wa kiroho, akamshika bega. Mzee alitazama mbele moja kwa moja kama askari wa gwaride, ila sikio lake, lile la upande wangu, lilikuwa jekundu kabisa. Sikujua kama ni hasira. Nilipomchungulia, kona ya mdomo ilikuwa inapambana na kitu.

Mchana tulikula wali wa nazi kwa Mama Zuhura, wote kumi na tatu, sinia mbili, na moja ilikuwa ileile ya Idi. Machungwa ya Muheza yalikuwa gunia zima. Tarehe 28 tukapata siti za kweli.

Miaka mingi nilimchukia mwenye nyumba wa Bethlehemu kama nilivyofundishwa. Kila Krismasi anahubiriwa: roho mbaya, moyo mgumu, je, wewe moyoni mwako pana nafasi? Kisha mwaka fulani, kwenye mafundisho ya Majilio, mchungaji mmoja akatuambia tufungue tumtafute. Hayumo. Luka hamtaji mtu aliyewafungia mlango. Anasema tu nafasi haikuwapo. Na lile neno la Kigiriki tunalolisoma "nyumba ya wageni" ndilo hilohilo Luka analotumia baadaye, sura ya 22, kwa chumba cha wageni alimokula Yesu Pasaka na wanafunzi wake. Nyumba ya kulipia, ile ya Msamaria Mwema, ina neno jingine. Kwa hiyo wapo wanaosema huenda ilikuwa nyumba ya watu tu, imejaa ndugu, na mtoto akalazwa penye mifugo kwa sababu mifugo ililala humohumo ndani. Mimi hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nyumba ya Bibi yake Mzee ilikuwa hivyo, ng'ombe upande huu, watu upande huu, na hori katikati lina migomba iliyokatwakatwa. Neema ndiye aliyeniuliza hori ni nini. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

Mwaka jana nilimwambia Mama kwamba usiku ule wa Mabibo ndio nilioanza kumwona Mzee kuwa Mkristo. Tulikuwa tunachambua mchele. Mama akacheka mpaka akauweka ungo chini.

"Baba yako? Baba yako alikuwa anaogopa kelele. Wale wangetolewa usiku ule na mgonjwa na gunia, mtaa mzima ungeamka. Ungetukuta tumesimama pale na mabegi yetu."

Akaendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitazama, akakitupa.

"Ila miguu aliiona," akasema. "Sijui. Hakuwahi kuniambia."

Mzee hayupo tena wa kumuuliza, na hata angekuwepo angejibu "kaeni".

Leo asubuhi nimemwita Neema kabla ya mazoezi. Nimemwambia, mama, hilo neno liseme polepole. Sema kama mtu ambaye nyumba yake imejaa kweli na hajui afanye nini. Hata sikitika kidogo, ukiweza.

Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Haiwezekani, Baba," akasema. "Mwalimu anataka nipige kelele. Maiki ya kanisani ni mbovu."