Kikombe cha Cleveland kilikuwa kinasoma chini: jinsi nilivyotatua

Kikombe wazi cha Cleveland ni kifaa cha kupima joto ambalo mvuke wa mafuta yanayopashwa humweka, yaani hushika moto kwa mara ya kwanza, mwali mdogo ukipitishwa juu yake. Kama chenu kinaonyesha mafuta mapya ya injini yanamweka mapema kuliko kawaida, huenda hili likawasaidia. Mafuta ya injini ya daraja la unene SAE 15W-40, yanayotarajiwa kumweka juu ya nyuzi 220 za Selsiasi, kwetu yalikuwa yanamweka chini ya 200, na kila kipimo kikitoa jibu lake. Majibu kama hayo humfanya mteja adhani dizeli imeingia kwenye mafuta.

Nilibadilisha kipimajoto, nikafungua sampuli nyingine, nikazima feni na kufunga madirisha. Upepo ulipokoma majibu yalikaribiana, lakini yakabaki chini.

Dawa ilikuwa kwenye ukaushaji wa kikombe. Kikishaoshwa kwa kiyeyushi na kufutwa, kwa macho kilikuwa kikavu kabisa. Ila chini ya ukingo wa ndani palikuwa na tabaka jembamba la masizi, na humo kiyeyushi kilijificha. Mabaki kidogo tu ya kitu chepesi hivyo hutosha kushika moto kabla ya mafuta yenyewe.

Niliyasugua masizi kwa stili waya, nikasuuza, kisha nikakipasha kikombe kitupu kwenye jiko la umeme, ndani ya chemba ya kuvuta hewa na mbali na chupa ya kiyeyushi, mpaka harufu ikaisha. Kikapoa. Nikajaza hadi alama, nikaondoa mapovu. Nyuzi 28 za mwisho nilizipandisha polepole, 5 hadi 6 kwa dakika, mwali ukipita kila baada ya nyuzi 2.

Yakamweka kwa nyuzi 226. Kurudia, 228.