Mti wa mkonge na ndege zangu zisizo na injini

Jana mjukuu kanikuta uani nachonga bawa la ndege ndogo ya mfano, akaniuliza babu injini yake iko wapi, nkamwambia haina, akasema sasa itarukaje. Swali hilohilo nlimuuliza kaka yangu mwaka 1971 pale Chumbageni, Tanga, nna miaka tisa.

Ndege hizi zinaanguka muda wote ila zinaanguka kwa kuteleza mbele, polepole, na ikikutana na hewa inayopanda haraka kuliko yenyewe inavyoshuka basi inakwenda juu bila mtu kuigusa. Pale ufukweni Raskazone mchana upepo wa bahari ukipiga lile genge la mwamba hauna pa kupita, unapanda, ukiirushia pale ukingoni inakaa hewani mpaka shingo ikuume kwa kutazama.

Wenzetu nje wanatumia balsa, mti wa huko Amerika ya Kusini, mwepesi sana. Sisi Tanga tuna mkonge bwana! Mkonge ukikaribia kufa unachomoza mti mrefu katikati wa maua, mara moja tu maishani mwake, na mti ule ukikauka ndani ni mwepesi mno. Tuliufuata Pongwe kwa baiskeli, tunaupasua, tunapiga msasa, juu tunavalisha karatasi ya tiara (kishada) kwa gundi ya unga wa muhogo. Na mkonge wenyewe mgeni, kauleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndo ilifika hai, na miaka hiyohiyo kwao Ujerumani Otto Lilienthal alikuwa anajirusha vilimani na mabawa ya kitambaa, hadi 1896 akaanguka akafa. Kila nkishika kipande cha mti ule nawakumbuka wote wawili.

Wanaoanza wengi wanakosea mizani. Iweke ndege kwenye ncha za vidole viwili chini ya bawa, kama robo au theluthi ya upana wake kutoka mbele, itulie hapo. Mkia ukiwa mzito inanyanyua pua, inasimama, inadondoka, pua ikizidi inachimba chini moja kwa moja. Mkia ukizidi mi naongeza chubwi, vile vizito vya mshipi wa kuvulia, puani, kidogokidogo, hata asubuhi nzima.

Ya 1988 ndo ilikuwa nzuri kuliko zote, bawa mita mbili kasoro. Tunaivuta kwa kamba kama tiara halafu inajiachia, na mkiani kuna utambi, ukiungua unakata uzi, mkia unanyanyuka, ndege inashuka hata kama hewa inaibeba. Siku hiyo kusi limetulia, juu mwewe wawili wanazunguka, nami kwa haraka ya kuwawahi sikuuwasha utambi. Ikaingia palepale kwa mwewe, ikazunguka nao, ikapanda, ikasogea upande wa kisiwa cha Toten mpaka ikawa nukta, halafu hata nukta sikuiona tena. Nlilia, mtu mzima.

Hii ya sasa nimeitoa kwenye vipimo vilevile, karatasi bado haijakauka. Jumamosi naenda na mjukuu, kiberiti atashika yeye.