Bambo, magunia ishirini na swali la bahati

Kwa yeyote aliyewahi kufika soko la mahindi la Kibaigwa, mkoani Dodoma, bambo si kitu kigeni: ni kile chuma chembamba chenye mfereji na ncha kali ambacho mnunuzi huchomea gunia, kikatoka na punje chache, naye kwa punje hizo akaamua kununua au kuacha. Katika miaka yangu ya kufundisha takwimu sijapata mfano unaoeleza usampulishaji vizuri kuliko huo, kwa kuwa ndani yake mna mambo yote ya msingi: shehena ambayo haiwezekani kukaguliwa yote, sehemu ndogo inayochukuliwa kwa niaba yake, na hatari ya kudanganyika.

Hatari hiyo hutokana zaidi na mahali bambo lilipochomwa kuliko wingi wa punje zilizotoka. Tuseme ghalani mna magunia 2,000, na mnunuzi akachoma 300 yaliyo karibu na mlango kwa sababu ndiyo anayoyafikia bila kupanda juu ya rundo. Ameshajua mengi kuhusu magunia ya mlangoni, lakini kuhusu yale ya chini, yaliyolalia sakafu yenye unyevu, hajajua lolote. Afadhali angeyapa magunia yote namba, akapiga kura, kisha akayachoma 20 tu yaliyoangukiwa na kura hiyo, hata kama yangemlazimu kuwalipa wapagazi ili wayatoe katikati ya rundo. Hiyo ndiyo sampuli nasibu: kila gunia lina nafasi sawa ya kuchaguliwa, na si mnunuzi wala muuzaji anayeelekeza mkono.

Marekani walilipata somo hili hadharani mwaka 1936, pale jarida la Literary Digest liliposambaza karatasi za maoni takriban milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, na kwa wingi huo likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yamechukuliwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, watu ambao wakati ule wa mdororo wa uchumi hawakuwa mfano wa wapiga kura wote, na waliojibu nao walikuwa wamejichagua wenyewe.

Sasa turudi ghalani. Muuzaji anadai kwamba magunia yaliyovunda hayazidi asilimia 10. Mnunuzi amechoma 20 kwa kura, akakuta 5 yamevunda, yaani robo nzima. Je, muuzaji amesema uongo, au ni kura tu iliyoangukia vibaya? Kupima nadharia tete ni kuchukua dai la muuzaji kana kwamba ni kweli, kisha kuuliza: kama ni kweli, ni mara ngapi bahati peke yake ingetuletea magunia 5 au zaidi? Hesabu inatoa takriban asilimia 4.3. Kwa desturi iliyoenezwa na R. A. Fisher, mwanatakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, jambo ambalo bahati hulileta chini ya mara 5 katika 100 huhesabiwa kuwa adimu kiasi cha kutosha kulitilia dai shaka. Yangekuwa magunia 4, nafasi ya bahati kuleta 4 au zaidi ingekuwa asilimia 13.3, na dai lisingekataliwa.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama, na huniuma ninapoona kosa hilohilo katika ripoti zilizochapishwa. Ile asilimia 4.3 haisemi kwamba muuzaji ana nafasi ya asilimia 4.3 ya kuwa mkweli. Inasema tu kwamba, akiwa mkweli, matokeo kama haya ni nadra. Wala kutokataa dai si kulithibitisha. Chukua ghala ambalo, bila mtu kujua, asilimia 20 ya magunia yamevunda, mara mbili ya kinachodaiwa. Mnunuzi wetu wa magunia 20, anayelikataa dai akikuta 5 au zaidi, atalinasa kosa hilo kwa nafasi ya asilimia 37 tu. Zaidi ya nusu ya safari ataondoka akiamini kwamba mambo ni mazuri.

Ndiyo maana namwomba kila anayeniletea utafiti wenye neno “hakuna tofauti” anieleze kwanza sampuli yake ilikuwa kubwa kiasi gani. Kwa ghala lilelile, mnunuzi akichoma magunia 100 na kulikataa dai anapokuta 16 au zaidi yamevunda, hatari ya kumwonea muuzaji mkweli inabaki takriban asilimia 4, ilhali nafasi ya kuunasa uvundo wa asilimia 20 inapanda kutoka 37 hadi takriban asilimia 87.